Mwalimu Anaona Nini Akisahihisha?

Watoto watatu wa darasa la tatu wamepewa hesabu moja: 52 kutoa 28. Wa kwanza ameandika 36, wa pili 34, wa tatu 25. Jibu ni 24, kwa hiyo wote watatu wamekosa na wote wanapata sifuri ileile ya wino mwekundu. Mwalimu mwenye rundo la madaftari 80 mezani, na kipindi kingine kikimsubiri, hana muda wa kuyatazama majibu hayo mara mbili.

Akiyatazama, ataona mambo matatu tofauti. Aliyeandika 36 ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa katika kila safu bila kujali ipi iko juu: 2 kwenye 8 akapata 6, kisha 2 kwenye 5 akapata 3. Kwake 52 ni tarakimu mbili zilizokaa jirani. Bado haijawa mafungu matano ya kumi na vijiti viwili. Aliyeandika 34 anajua kukopa. Amekopa kumi, akapata 12, akatoa 8, akabakiwa na 4. Alichosahau ni kwamba ile 5 iliyokopwa sasa ni 4. Aliyeandika 25 anajua yote, ila vidole vimemponyoka wakati wa kuhesabu. Wa kwanza inabidi arudishwe kwenye vijiti na mafungu ya kumi kumi, pengine kwa wiki nzima. Wa pili anahitaji dakika tano. Wa tatu hana la kufundishwa, aambiwe tu arudie.

Makosa ya aina hii yamechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton walichapisha nchini Marekani uchambuzi wa makosa ya watoto katika kutoa, wakaonyesha kwamba mengi yana mpangilio. Mtoto habahatishi. Anafuata kanuni yake kwa uaminifu mkubwa, na kanuni hiyo ndiyo mbovu. Ndiyo maana kumwambia "rudia" yule wa 36 hakusaidii kitu: atarudia kanuni yake na kupata 36 ileile, kisha mwalimu atasema mtoto huyu ni mzito.

Tukizungumzia elimu inayomfuata kila mwanafunzi kwa kiwango chake, mazungumzo hukimbilia vitu: darasa liwe na watoto 25, kila mmoja awe na kishikwambi, shule iwe na walimu wasaidizi. Tanzania kiwango rasmi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na shule nyingi za serikali zimekiacha mbali kiwango hicho. Kwa hiyo mazungumzo hayo huishia kwenye kukata tamaa. Nadhani yanaanza pasipo pake. Kabla mtoto hajapewa kazi inayomfaa, lazima awepo mtu anayejua ni kazi ipi inayomfaa, na mtu huyo ni mwalimu anayejua kusoma kosa. Hapa nitauita uwezo huo ufahamu wa kitaaluma. Hautokani na huruma, na wala hautokani na wito, ingawa vyote viwili vinasaidia. Ni ujuzi wa kazi kama ule wa daktari anayesikiliza kikohozi. Hujengwa, na mazingira ya kazi yanaweza kuuua.

Sehemu yake ya kwanza inahusu somo lenyewe. Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza mwaka 1986 kwamba kulijua somo na kujua namna ya kulifundisha hakutoshi vikitenganishwa. Kati ya mawili hayo kuna maarifa ya tatu, ambayo ni ya mwalimu peke yake: kujua mahali wanafunzi hukwama katika mada fulani, kwa nini hukwama, na mfano gani huwakwamua. Mhasibu hodari anaweza asiwe na maarifa hayo kabisa. Mwalimu wa darasa la pili anayajua, au anapaswa kuyajua: anajua kwamba yupo mtoto atakayeandika "mia moja na tano" kama 1005, kwa sababu ameandika 100 kisha akaiongezea 5 kama alivyoisikia. Mwalimu wa darasa la tano anajua kwamba wapo watakaosema 0.35 ni kubwa kuliko 0.4, kwa kuwa 35 ni kubwa kuliko 4, na kwamba wapo watakaoipatia hesabu hiyo kwa sababu mbovu vilevile. Hao wa mwisho ni hatari zaidi, maana daftari lao lina alama ya vema.

Katika kusoma, mtego mkubwa ni kukariri. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na mbinu ya silabi, ba be bi bo bu, humfikisha mtoto mbali kwa muda mfupi. Lakini darasa ambalo watoto watano hugawana kitabu kimoja huimba ukurasa kwa pamoja mpaka kila mmoja ameushika kichwani. Mgeni akiingia, atasikia darasa linasoma vizuri ajabu. Mwalimu anayeujua mtego huo huziba ukurasa kwa kipande cha karatasi, akaacha neno moja la katikati, akauliza. Au humwambia mtoto aanze mstari wa mwisho. Haigharimu chochote, na ndani ya dakika moja anawajua wanaosoma na wanaoimba.

Kinyume chake pia hutokea. Mtoto anaandika "kura" akikusudia chakula, na "kurara" akikusudia usingizi. Akikutana na mwalimu asiyejua kwamba lugha kadhaa za kwetu, Kikuyu ikiwa mojawapo, hazitofautishi sauti za l na r, atahesabiwa kuwa hajui kusoma. Kumbe anasoma na kuandika sawasawa, anaandika anachokisikia. Tiba yake ni mazoezi ya sikio, na akirudishwa kwenye herufi anapotezewa muda.

Historia ya Afrika Mashariki imelifanya darasa kuwa mahali pa tofauti kubwa kuliko mtaala unavyokiri. Azimio la Musoma la 1974 liliitaka Tanzania kuwaandikisha watoto wote shule, na kufikia 1977 mpango huo ulikuwa wa nchi nzima, na vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha. Ada ikarudi, kisha ikafutwa tena kwa shule za msingi na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka 2002. Kenya ilifuata Januari 2003. Katika mawimbi hayo, darasa la kwanza lilijaa watoto wa miaka sita, wa miaka kumi, na waliokwishaacha shule mara mbili. Mwaka 2004, mjini Eldoret, akaingia Kimani Maruge akiwa na miaka 84. Magazeti ya dunia yalimwandika kama mfano wa ukakamavu, na haki yake. Kwa mwalimu, Mzee Maruge alikuwa pia swali la kazi: mwanafunzi aliyepigana vita vya Mau Mau, mwenye wajukuu, mwenye maarifa ya umri mzima, asiyejua herufi, anayetaka aisome Biblia mwenyewe. Kitabu cha darasa la kwanza hakikuandikwa kwa ajili yake. Tofauti yake ilionekana kwa macho. Tofauti za wale watoto wengine zilijificha nyuma ya sare moja.

Uwezo, mradi uliopeleka watu nyumba kwa nyumba kuwapima watoto, ulianza Kenya mwaka 2009 na kufika Tanzania na Uganda mwaka uliofuata. Kipimo chake kilikuwa cha darasa la pili. Tanzania, takribani watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango hicho. Takwimu hiyo ilizua kelele, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa ili ujikite katika kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Hata hivyo, kwa mwalimu wastani huo una faida ndogo. Kinachomhusu ni kwamba katika chumba kimoja wamo watoto wasiotambua herufi, wenye kuunga silabi, wenye kusoma neno, na wachache wanaosoma hadithi nzima, na wote wamefunguliwa ukurasa mmoja.

Ukurasa huo umeandikwa kwa ajili ya nani? Utafiti wa Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, uliochapishwa 2009, ulitazama kilichotokea shule za magharibi mwa Kenya zilipopewa vitabu vya kiada bure. Alama za wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi ambao tayari walikuwa juu. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na mtaala wenyewe ulimwandama yule anayekwenda mbele. Tanzania nako, jaribio lililofanyika katika shule 350 mwaka 2013 na 2014 lilionyesha kwamba kuzipa shule ruzuku pekee hakukuongeza kujifunza. Naelewa kwa nini matokeo kama haya huwaudhi wanaopigania bajeti ya elimu, na mimi ni mmojawapo. Hayasemi kwamba vitabu havina kazi. Yanasema kitabu hakijui nani amekishika.

Kwa hiyo, je, tuwapange watoto kwa viwango? Mwaka 2005, tena magharibi mwa Kenya, shule 121 zilipata mwalimu wa pili wa darasa la kwanza, na kila darasa likagawanywa mawili. Katika nusu ya shule watoto waligawanywa kwa alama zao za mwanzo. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa kura. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer waliwafuatilia kwa mwaka mmoja na nusu. Waliogawanywa kwa viwango walijifunza zaidi, na hilo lilikuwa kweli kwa kundi la juu na kwa kundi la chini. Jambo la kutafakari ni kwamba kupunguza ukubwa wa darasa pekee, kutoka takribani watoto 80 hadi karibu nusu yake, kulileta mabadiliko madogo kwa walimu walioajiriwa na serikali. Mwalimu aliyezoea kufundisha ubao na watoto watano wa mbele aliendelea hivyohivyo akiwa na 40. Viti vilipungua, jicho halikuongezeka.

Ushahidi ulionishawishi zaidi unatoka India. Asasi ya Pratham, iliyoanzishwa Mumbai mwaka 1995, ilibuni njia rahisi: mpime kila mtoto kwa dakika chache, wapange kwa kile wanachoweza bila kujali darasa, wafundishe kutoka hapo walipo. Katika jimbo la Bihar walimu wa serikali walipewa mafunzo na vifaa vya njia hiyo, wakarudi madarasani. Katika mwaka wa kawaida wa shule hakuna kilichobadilika cha maana. Lakini walimu wa serikali walipoitumia njia hiyohiyo kwenye kambi ya likizo ya mwaka 2008, watoto walijifunza. Walimu walikuwa wa serikali vilevile. Tofauti ni kwamba kwenye kambi hawakuwa na silabasi ya kumaliza wala mkuu wa kuwauliza wamefika sura ya ngapi. Kwa hiyo ujuzi walikuwa nao muda wote. Walikosa ruhusa ya kuutumia.

Wengi wanaoandika kuhusu walimu wetu hulikwepa jambo hilo. Tunaandika kana kwamba tatizo ni mwalimu kutojua. Mara nyingi anajua. Muulize mwalimu yeyote wa darasa la nne, mkiwa chini ya mwembe na siyo ofisini, atakutajia kwa majina wasiosoma na hata sababu: huyu baba amehama, huyu anachunga Jumatatu na Jumanne, huyu haoni ubao. Kisha kengele inalia, anaingia darasani kufundisha mada ya wiki ya tisa kwa sababu azimio la kazi linasema ni wiki ya tisa. Mwisho wa siku anajaza andalio la somo, na kwenye sehemu ya tathmini anaandika kwamba zaidi ya robo tatu ya wanafunzi wameelewa. Mthibiti ubora akija atakuta kila safu imejazwa. Robo iliyobaki haina majina.

Wapo wanaosema dawa ni kumwondolea mwalimu mzigo huo wa kufikiri. Shule za Bridge, zilizoanza Kenya mwaka 2009, humpa mwalimu kishikwambi chenye somo lililoandikwa neno kwa neno. Ziliandamwa sana: vyama vya walimu vilizipinga, na Uganda mahakama iliamuru zifungwe mwaka 2016. Lakini uchambuzi wa haki lazima useme kwamba utafiti wa mwaka 2022, ambao Kremer alikuwa mmoja wa waandishi wake, ulikuta wanafunzi wa shule hizo Kenya wamewazidi wenzao kwa kiasi kikubwa. Tusome, mpango wa kusoma ulioenea shule za umma za Kenya kuanzia 2015, nao ulimpa mwalimu mwongozo wa kila siku, kila mtoto kitabu chake, na afisa wa kumtembelea darasani, na usomaji ulipanda.

Siwezi kuyapuuza matokeo hayo, na sioni kwamba yanapingana na hoja yangu. Mwalimu mpya ambaye hajui aanzie wapi, anayekosa usingizi akitafuta mfano wa kesho, akipewa mwongozo mzuri anapata nafasi ya kuinua macho. Swali ni nini kinafuata akishayainua. Benjamin Piper na wenzake, walioshughulika na Tusome, walipopitia miongozo ya walimu katika nchi kadhaa waligundua kwamba miongozo inasaidia, ila ile iliyomfunga mwalimu kwa kila neno ilisaidia kidogo kuliko ile iliyorahisishwa. Mwongozo unajua leo ni somo la 43. Haujui kwamba Amina amekaa kimya tangu Jumatatu, na hauna ukurasa wa yule aliyeandika 36.

Kipo kishawishi cha kuamini kwamba mashine italijua hilo. Tanga ilishuhudia jaribio kubwa la wazo hilo: kuanzia 2017, katika vijiji 170 hivi vya mkoa huo, watoto wengi wasiokwenda shule walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili wajifunze wenyewe, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, walitangazwa 2019. Watoto walijifunza, na kwa mahali pasipo mwalimu hilo si dogo. Programu hurudia, hupunguza kasi, haichoki wala haichapi. Ila huona kidole kilipogusa tu. Mtoto aliyegusa jibu baya kwa sababu ameshinda njaa na aliyeligusa kwa sababu hajui ni sawa kwake.

Sehemu ya pili ya ufahamu wa kitaaluma ni mwalimu kujitazama mwenyewe akiwa kazini, nayo ni ngumu kuliko ya kwanza. Mary Budd Rowe alirekodi vipindi vya sayansi Marekani na kutoa matokeo katika miaka ya 1970: mwalimu akiuliza swali, alisubiri jibu kwa takribani sekunde moja kabla ya kumwita mwingine au kujibu mwenyewe. Waliofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, tena kutoka kwa watoto ambao kwa kawaida hawakusema. Na wanafunzi waliohesabiwa kuwa dhaifu ndio waliosubiriwa kwa muda mfupi zaidi. Mwalimu hakukusudia kuwabagua. Hakujua tu kwamba anafanya hivyo.

Kwetu sekunde hiyo moja hujazwa na kitu kingine. "Tumeelewana?" "Ndiyo mwalimu!" Darasa zima linaitika kwa sauti moja, na mwalimu anafuta ubao. Kuitikia kwa pamoja si jambo baya. Huchangamsha, hufundisha matamshi, huwasaidia wenye aibu kujaribu kinywa chao ndani ya kundi. Lakini kwa kumjua mtoto mmoja mmoja halina thamani yoyote, na mwalimu makini analijua hilo hata anapolitumia. Ndiyo maana wengine huuliza swali, wakaamuru kila mtoto aandike jibu kwenye daftari kwanza, kisha wakapita katikati ya madawati kabla ya kumwita yeyote. Watoto 80 hawafikiki kwa kipindi kimoja. Safu mbili zinafikika, na kesho safu nyingine mbili.

Kujitazama huko kunahusu pia mahali ambapo mwalimu huelekeza macho. Mtoto mwenye ualbino, kwa mfano, karibu kila mara ana uoni hafifu na mwanga mkali humuumiza. Mwalimu asiyejua humweka popote penye nafasi, akamwona hanakili kazi za ubaoni, akamhesabu mvivu. Anayejua humkalisha mbele mbali na dirisha lenye jua, huandika herufi kubwa, humruhusu asogee ubaoni wakati wowote bila kuomba, humwachia nukuu za somo azinakili kwa muda wake. Hapo hakuna mbinu mpya ya ufundishaji. Kuna habari moja aliyokuwa nayo mwalimu mmoja na aliyoikosa mwingine, na miaka ya shule ya mtoto imegeukia upande tofauti kwa sababu hiyo.

Lakini habari inaweza kuwa ya uongo. Katika semina nyingi za walimu hadi leo hufundishwa kwamba kuna watoto wanaojifunza kwa macho, wengine kwa masikio, wengine kwa mikono, na kwamba mwalimu bora humpa kila mmoja somo kwa njia yake. Harold Pashler na wenzake walipoupitia ushahidi mwaka 2008 hawakuona msingi wa kutosha wa kupanga ufundishaji kwa namna hiyo. Wazo hilo limeenea kwa sababu lina sura ya kumjali mtoto. Kwa kweli linampa mwalimu lebo tatu mahali pa zile mbili alizokuwa nazo, mwepesi na mzito, na muda ambao angeutumia kutafuta kwa nini mtoto alipata 36 anautumia kutengeneza kadi za rangi.

Lugha ni jambo ambalo Tanzania haiwezi kulikwepa. Mwanafunzi anamaliza miaka ya shule ya msingi kwa Kiswahili, Januari anaingia kidato cha kwanza, na baiolojia, jiografia na hisabati zote zimegeuka Kiingereza. Mwalimu anauliza mimea hutengenezaje chakula chake. Kimya. Kimya hicho kinaweza kumaanisha hajui, au anajua tangu darasa la tano ila hana maneno, au ana maneno ila anaogopa kuchekwa. Njia ya kutofautisha ni nyepesi mno: muulize kwa Kiswahili. Walimu wengi hufanya hivyo kimyakimya, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu mahali pengine shule ina bango linalokataza. Ndani ya mlango huo uliofungwa ndimo ufundishaji unaomfuata mwanafunzi unapofanyika, nao unafanyika kwa kuvunja kanuni.

Nisingependa msomaji abaki na picha kwamba mwalimu akimjua kila mtoto, mambo yote yatanyooka. Ufahamu hutumikia lengo ulilowekewa. Mwaka 2013, chini ya Matokeo Makubwa Sasa, Tanzania ilianza kuzipanga shule hadharani kwa matokeo ya mtihani, na kuzipa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichambua kilichofuata. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ziliongeza kiwango cha ufaulu. Pia zilipunguza idadi ya wanafunzi waliofanya mtihani. Kwa maneno mengine, baadhi ya walimu walitumia uwezo wao wa kumtambua kila mwanafunzi, yupi atapita na yupi ataangusha wastani, na wale wa kuangusha hawakufika kwenye chumba cha mtihani. Walimjua mtoto vizuri sana, kwa faida ya rangi ya shule.

Mitaala mipya inajaribu kuliweka lengo mahali pengine. Mtaala wa umilisi wa Kenya, uliosambazwa kuanzia 2019, na maboresho ya Tanzania yaliyoanza kutumika Januari 2024 yote yanataka mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya, mwaka mzima, na si kwa siku moja ya mtihani. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Kwa vitendo tathmini endelevu imegeuka fomu: alama moja hadi nne kwa kila mtoto, kwa kila umahiri, kwa kila somo, zikapandishwa kwenye mfumo wa kompyuta usiku intaneti inapopatikana. Mwalimu wa watoto 70 hujaza tatu, tatu, mbili, tatu mpaka safu iishe. Hawezi kulaumiwa. Tarakimu hizo zinakwenda juu, kwa watu ambao hawatamfundisha mtoto huyo, na hakuna kinachorudi chini.

Mafunzo ya walimu yamebadilika kwa namna inayotia moyo zaidi, angalau kwa sura yake. Badala ya semina ya siku tatu hotelini, Tanzania sasa ina mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambamo walimu wa shule moja hukutana kwenye jumuiya ya ujifunzaji kujadili mada walizoziona ngumu. Kenya mfumo wa maendeleo ya kitaaluma ulizinduliwa 2021 na ukazua mabishano mapema, hasa kuhusu mwalimu kujilipia. Ningekuwa na sauti katika jumuiya hizo ningeomba kitu kimoja: kila mwalimu aje na madaftari matatu yenye makosa, wayaweke mezani, wabishane mtoto alikuwa anafikiri nini. Kwa kikao cha aina hiyo walimu wanne watajifunza kuhusu kutoa kwa kukopa mambo ambayo hakuna mkufunzi atakayewaeleza kwa maandishi ya ukutani.

Kisha kuna Januari. Mwalimu wa darasa la pili amekaa na watoto wake mwaka mzima. Anamjua aliyekariri kitabu, anamjua wa 36, anajua nani asikalishwe nyuma. Mwaka unaisha, watoto wanapanda darasa, na mwalimu wa darasa la tatu anapokea orodha ya majina yenye jumla, wastani na nafasi: wa 47 kati ya 82. Pengine yule wa awali amepata uhamisho kwenda wilaya nyingine. Mwalimu mpya atatumia muhula mzima kuyagundua upya mambo ambayo mwenzake alikuwa anayajua, na kwa baadhi ya watoto hatayagundua. Nusu siku ya Desemba ingetosha: walimu wawili, orodha ya majina, na mstari mmoja kwa kila mtoto unaosema anaweza nini na anakwama wapi. Haihitaji mfadhili wala mfumo wa kompyuta. Inahitaji mwalimu mkuu aitenge siku hiyo kwenye kalenda ya shule, na mthibiti ubora atakapofika mwezi wa pili aombe kuiona orodha hiyo kabla ya kuomba maazimio ya kazi.